Mafunzo ya Vitendo katika Afya ya Wanawake Dar es Salaam: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi Anayetoka Nje ya Tanzania

Vyuo vya ng'ambo vinapofunga kwa likizo ndefu ya Juni hadi Agosti, Dar es Salaam hupokea wanafunzi wa uuguzi, udaktari, afya ya jamii na sayansi ya jamii wanaokuja kujifunza kazi katika zahanati, vituo vya afya na mitaani. Wamo wageni wasiojua neno la Kiswahili, na wamo Waswahili wenzetu: Mtanzania anayesoma Ulaya, Mkenya wa Mombasa, Mkongo wa Bukavu aliyepata ufadhili. Mwongozo huu unawalenga hawa wa pili, ambao mara nyingi hudhani kwamba kujua lugha kumemaliza kazi. Lugha itawasaidia sana watakapokaa na akina mama. Haitawasaidia chochote mbele ya karani wa masjala anayeuliza barua ya utambulisho iko wapi.

Hatua ya kwanza: chagua swali linaloenea katika muda ulio nao

Muda wa mwanafunzi kwa kawaida ni wiki nane hadi kumi, na wiki ya kwanza na ya mwisho huishia ofisini. Kwa hiyo swali la utafiti linatakiwa kuwa dogo kuliko linavyopendeza kwenye pendekezo. Takwimu kubwa zipo tayari. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya kutolea huduma, na kwamba vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 ulikadiria 556. Mwanafunzi mmoja hana namna ya kuzalisha takwimu za aina hiyo, wala hatakiwi. Anachoweza kukifanya vizuri ni kueleza jambo moja lililojificha nyuma ya takwimu, katika mtaa mmoja, kwa maneno ya wanawake wenyewe.

Ninayoyaona kuwa maswali yanayofaa ni kama haya. Mama aliyeanza kliniki mimba ikiwa imeshavuka mwezi wa nne anaelezaje kuchelewa kwake, na ni nani nyumbani aliyeamua aanze lini? Sera inasema huduma ya mjamzito katika kituo cha serikali ni bure. Je, siku ya kujifungua familia imebeba fedha kiasi gani, na zimetumika kununua nini? Mwanamke aliyepimwa dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi kwa kutumia siki, akaambiwa anahitaji kwenda ngazi ya juu kwa matibabu, alifika au aliishia njiani? Mama lishe anayefanya kazi sokoni tangu alfajiri hadi jioni, mahali ambapo choo ni cha kulipia, hujihifadhi vipi akiwa katika hedhi? Kila moja ya haya linaweza kujibiwa kwa mahojiano ishirini au thelathini yaliyofanywa kwa utulivu, na kila moja lina mtu katika manispaa anayeweza kulitumia jibu lake.

Yapo pia maswali ambayo mwanafunzi ni afadhali ayaache. La kwanza ni utoaji mimba. Kanuni ya Adhabu inauhesabu kuwa kosa la jinai isipokuwa pale inapobidi kuokoa maisha ya mama, na mwanamke anayekusimulia habari zake anaweza kuwa anajitia hatiani katika kinasa sauti chako. Huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa kihalali, na ubora wake unaweza kuchunguzwa, lakini chini ya mtafiti mzoefu mwenye kibali cha jambo hilo hasa. La pili ni utafiti kwa wasichana wa chini ya miaka 18, ambao unadai ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na ukubali wa msichana mwenyewe; kamati za maadili huuchunguza kwa makini zaidi, na ni jambo jema kwamba zinafanya hivyo, ila miezi miwili haitoshi.

Hatua ya pili: mwenyeji na vibali

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, nami nitakaa hapa kwa muda.

Tofautisha kwanza mambo mawili. Ukija kuangalia na kujifunza tu, yaani kukaa kliniki, kufuatana na wahudumu na kuandika ripoti ya chuo isiyo na taarifa za watu, hayo ni mafunzo, na mwenyeji wako ndiye atakayeyaombea ruhusa katika manispaa au hospitali. Ukikusanya taarifa kwa ajili ya tasnifu, makala au hata bango la mkutano, huo ni utafiti, hata kama msimamizi wako wa huko chuoni anauita zoezi. Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili, na mtafiti asiye raia anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo wengi tunaijua kwa jina la COSTECH, yenye ofisi zake Kijitonyama, kituo cha Sayansi.

Mlolongo wenyewe huenda hivi. Unaanza kwa kupata mwenyeji: inaweza kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, taasisi ya utafiti, au shirika la afya ya uzazi lililosajiliwa nchini, na lazima awepo mtafiti Mtanzania atakayeandikwa kuwa mshirika na kuwajibika kwa kazi hiyo. Kisha unapata kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako. Kibali hicho hakikuruhusu kufanya lolote Tanzania. Ni kiambatisho tu cha maombi yanayofuata, ambayo hupelekwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, au kwenye kamati ya taasisi ya mwenyeji kadiri atakavyokuelekeza. Baada ya maadili inakuja COSTECH, na baada ya COSTECH inakuja Idara ya Uhamiaji, ambayo hutoa kibali cha ukaazi cha daraja C kwa watafiti na wanafunzi. Viza ya utalii haikupi ruhusa ya kufanya utafiti. Vivyo hivyo, raia wa Kenya au Uganda anayeingia nchini bila viza asidhani kwamba urahisi wa mpakani unamwondolea wajibu wa vibali vingine.

Anza mapema, ikiwezekana mwezi Desemba kwa kazi ya Juni. Kila kamati hurudisha maombi yakiwa na maswali, na maswali hayo yanahitaji majibu ya maandishi, dodoso la Kiswahili lililorekebishwa, na saini ya mtu ambaye huenda yuko safarini. Mwombe mwenyeji akutumie kwa maandishi orodha ya ada zote, ikiwemo ile ambayo taasisi yake hutoza kwa kumsimamia mwanafunzi, maana nimeona bajeti nzuri zikivunjika kwa ada moja iliyosahauliwa.

Liko na suala la taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Amua tangu mwanzo kwamba hutaandika majina: kila mshiriki apewe namba, orodha inayounganisha namba na mtu ibaki kwa mwenyeji, na makubaliano ya kusafirisha taarifa yasainiwe kabla hujapanda ndege.

Hatua ya tatu: maandalizi ya safari

Haya ni mepesi. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano awe na cheti cha chanjo. Atakayekaa karibu na chumba cha kujifungulia awe amekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B. Mavazi yawe ya heshima na ya pamba, viatu viwe vya kufunika mguu. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya kipupwe: mvua za masika zimekwisha na jua ni la kuvumilika.

Makazi ndiyo yanayohitaji akili kidogo. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na foleni zake zinajulikana. Atakayefanya kazi Mbagala akapanga Mikocheni kwa sababu kuna upepo wa bahari atazimaliza asubuhi zake ndani ya daladala, na kliniki haimsubiri. Atakayefanya kazi Manzese au Kimara ana mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao wenyewe. Atakayekwenda Kigamboni ahesabu muda wa pantoni pale Magogoni au wa kuzunguka darajani. Panga chumba mahali ambapo kituo chako cha kazi kinafikika kwa bajaji moja.

Hatua ya nne: wiki ya barua

Wiki ya kwanza ni ya kubisha hodi serikalini, kwa mpangilio wake. Kibali cha utafiti kinapelekwa ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, ambayo huandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri husika, iwe ni Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni au Jiji la Dar es Salaam ambalo ndilo Ilala ya zamani. Mkurugenzi humwelekeza Mganga Mkuu wa halmashauri, naye humwandikia Mganga Mfawidhi wa kituo. Kwa upande wa mitaani, barua hushuka kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa Mtendaji wa Mtaa na Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Usijaribu kuruka ngazi, hata kama binamu yako anamfahamu Mganga Mfawidhi. Beba nakala nyingi za kila barua, na kila unapoacha moja omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ofisi hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, na Ijumaa mchana wengi huwa msikitini. Sabasaba, yaani tarehe 7 Julai, na Nanenane, tarehe 8 Agosti, ni sikukuu za kitaifa zinazoangukia katikati ya kazi yako. Ukimkuta Mwenyekiti nyumbani kwake amevaa msuli, msalimie, shikamoo yako iwe kamili, kaa unapoonyeshwa, na usianze habari ya barua kabla hajakuuliza umetoka wapi.

Hatua ya tano: kliniki ya mama na mtoto

Omba siku tatu au nne za kuangalia tu kabla hujamhoji mtu yeyote. Kliniki huanza mapema kwa somo la afya, akina mama wakiwa kwenye mabenchi. Halafu hufuata uzito, shinikizo la damu, vipimo vya wingi wa damu, malaria, kaswende na virusi vya Ukimwi, kisha chumba cha mkunga kwa kupimwa tumbo, na mwisho dawa: vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kukinga malaria inayomezwa hapohapo mbele ya muuguzi. Angalia foleni inakwama wapi. Angalia pia nani amekuja na mwenzi wake na nani amekuja peke yake, na wanavyopokelewa, kwa sababu kupima kwa wenzi wawili kunahimizwa, na mwanamke asiye na mtu wa kuja naye anaweza kujikuta akieleza maisha yake mbele ya benchi zima.

Jifunze vitabu vya MTUHA, yaani madaftari makubwa ambamo kila huduma huandikwa. Kitabu namba 6 ni cha wajawazito, namba 8 cha uzazi wa mpango, namba 12 cha wodi ya wazazi, namba 13 cha mama baada ya kujifungua. Ukiruhusiwa kuvisoma, utaona kabla ya mahojiano yoyote wajawazito huanza kliniki wakiwa na mimba ya ukubwa gani, na ni safu zipi huachwa wazi muuguzi anapokuwa peke yake. Usivipige picha.

Kuhusu kazi ya mikono, nitasema bila kuzunguka. Muuguzi aliyezidiwa atakukabidhi glovu siku moja, kwa nia njema kabisa. Kama hujafuzu, hujasajiliwa nchini na makubaliano yako hayasemi hivyo, usizalishe, usichome sindano, usiweke kijiti wala kitanzi. Mwanafunzi ambaye kwao haruhusiwi kumgusa mjamzito bila msimamizi hana ruhusa ya kumfanyia mazoezi mama wa Vingunguti kwa sababu tu hapa hakuna atakayelalamika. Saidia kupima uzito, kupanga kadi, kujaza maji ya kunawia, kumbeba mtoto wakati mama yuko chumbani; hizo ni kazi, na wauguzi huziona.

Mwanafunzi wa kiume asibaki peke yake na mama nyuma ya pazia kwa sababu yoyote ile.

Hatua ya sita: dodoso

Lijaribu katika mtaa ambao hutautumia kwa utafiti. Kiswahili kilichotafsiriwa na rafiki huko chuoni huwa sahihi kisarufi na kigumu masikioni, na kile cha Nairobi au Bukavu kina maneno yake. Msomee muhudumu wa afya maswali yote kwa sauti. Popote atakapokunja uso, andika upya. Mwanamke wa Tandale atakuelewa haraka ukimuuliza habari za siku zake kuliko mzunguko wa hedhi, na atakujibu kuhusu sindano, vidonge, kijiti na kitanzi kabla hajakujibu kuhusu njia za kisasa za kupanga uzazi. Dodoso likizidi nusu saa, kata maswali. Msimamizi wa chuoni atasikitika, lakini yeye haachi sufuria jikoni ili akujibu.

Hatua ya saba: mitaani

Usitembee peke yako. Fuatana na muhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye kwa kawaida ni mkazi wa palepale na anajua nyumba yenye mzazi, nyumba yenye msiba na nyumba isiyotaka wageni. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 2024 ulilenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, lakini katika mitaa mingi bado ni wachache na wana kazi zao nyingine, hivyo posho yake ya siku na nauli viwe ndani ya bajeti yako, na mkubaliane mapema. Umuulize pia saa zinazofaa. Mara nyingi ni asubuhi baada ya usafi na kabla ya chakula cha mchana, ingawa wafanyabiashara wa chakula hupatikana alasiri wanapoosha vyombo.

Tatizo kubwa la Dar es Salaam ni faragha. Nyumba za kupanga zina vyumba vingi na uani mmoja, na swali kuhusu uzazi wa mpango linasikiwa na mpangaji mwenzake, wifi na watoto. Kuna namna mbili zinazosaidia. Moja ni kumwalika mama kwenye chumba cha zahanati au ofisi ya mtaa siku anayoitaka. Nyingine ni kuwa na maswali mepesi ya akiba, kwa mfano kuhusu maji au chanjo za watoto, ambayo unahamia papo hapo mtu mwingine anaposogea, kisha unarudi akiondoka. Mweleze mshiriki mpango huo kabla ya kuanza, ili naye asishangae.

Ridhaa isomwe kwa sauti, taratibu, hata kwa anayejua kusoma. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi anayemwamini yeye. Kama mama anasema mpaka amuulize mume, mwache amuulize, usimharakishe. Ila jibu la mume peke yake lisihesabiwe kuwa ridhaa ya mke. Fidia ya nauli na muda iwe ile iliyoidhinishwa na kamati ya maadili, sawa kwa wote, na itolewe hata kwa aliyekatisha mahojiano.

Kwa majadiliano ya kundi, vikundi vya vikoba na vya upatu, yaani vya kuweka, kukopa na kuchangiana fedha, ni mahali pazuri, kwa kuwa wanawake wamezoeana na wana siku yao ya kukutana. Omba nafasi baada ya hesabu za fedha kumalizika, si kabla. Watenganishe mabinti na wakwe zao. Na kwenye kundi usiulize yaliyompata mtu; uliza wanawake wa hapa hufanyaje. Kungwi na wakunga wa jadi watafutwe kwa heshima na wahojiwe peke yao, kwa sababu wao ndio wanaowaandaa wasichana na wake wapya, na mengi ambayo kliniki huyaita upotoshaji yana maelezo ambayo hayajawahi kuulizwa.

Jiandae kusikia habari za kipigo na kubakwa, hata kama dodoso lako linahusu vidonge vya kuongeza damu. Kabla ya siku ya kwanza, uwe na karatasi yenye jina la kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto, hospitali ya karibu yenye kituo cha mkono kwa mkono, yaani mahali pamoja pa kumhudumia aliyefanyiwa ukatili, na namba 116 kwa masuala ya watoto. Ujue kwamba aliyejeruhiwa huulizwa fomu namba 3 ya polisi, PF3, anapofika hospitali, na kwamba aliyebakwa anahitaji dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72. Usiahidi usichoweza, usimfuate mume, usiende polisi kwa niaba yake bila yeye kutaka. Mpe taarifa, muulize anataka nini, na umjulishe msimamizi wako jioni hiyohiyo.

Maandishi ya kila siku yaandikwe siku ileile. Sauti zihamishwe kutoka kwenye simu kwenda mahali palipofungwa kwa nywila, kisha zifutwe kwenye simu, kwa maana simu hupotea na nyingine huporwa kwenye dirisha la daladala.

Hatua ya nane: kurudisha matokeo kabla ya kuondoka

Acha siku tano kamili za mwisho bila mahojiano. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye aya fupi: uliuliza nini, uliwahoji wangapi, walisema nini, na ni jambo gani moja kituo kinaweza kulibadilisha bila fedha mpya. Usiandike kitu ambacho kitamfanya muuguzi wa zamu fulani atambulike. Msomee kwanza Mganga Mfawidhi faraghani, ili ayasikie matokeo kwako kabla hajayasikia mkutanoni, kisha omba nusu saa kwa mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa halmashauri, na baadaye ukae na wahudumu wa jamii na Mwenyekiti. Ikiwezekana, rudi kwenye kikundi cha vikoba ukawaeleze waliyoyasema. Baadhi watakusahihisha, na masahihisho hayo yaingie kwenye ripoti.

Ripoti ya mwisho hudaiwa na NIMR na COSTECH hata baada ya wewe kurudi chuoni, na mwenyeji wako ndiye anayeulizwa isipofika, kwa hiyo iandike tarehe yake kwenye kalenda kabla hujaaga. Makala ikichapishwa, jina la mtafiti mshirika wa Dar es Salaam liwe miongoni mwa waandishi kama alifanya kazi ya mwandishi, jambo ambalo ni bora likubaliwe kwa maandishi mwezi Juni kuliko kubishaniwa mwaka unaofuata. Funguo za kabati na orodha ya namba za washiriki mkabidhi mwenyeji kwa saini, na uchukue nakala ya hati ya makabidhiano.